Hati Iliyoamshwa Kabla ya Wakati

Kila asubuhi ya kiangazi, saa kumi na moja na nusu, Lenora aliamshwa na mpini wa ufagio. Bibi yake, Vlasta Sedlacek, hakupanda ngazi kuja kumgusa bega. Alisimama jikoni akagonga dari mara tatu, na kama hakusikia miguu ikitembea huko juu, alianza kuhubiri. Kuku wameamka, alisema, jua limeamka, na hata marehemu wa makaburini wanakaribia kuamka, isipokuwa binti mfalme wa ghorofani. Lenora alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alilichukia jina hilo la binti mfalme kuliko harufu ya banda la kuku.

Mama yake, Jolene, hakuwepo kumtetea. Alikuwa mpishi wa kundi la wavunaji wanaoanza kuvuna ngano kule Texas mwezi wa Mei, wakiifuata inavyoiva kuelekea kaskazini, mpaka Septemba wanapokaribia Kanada. Miezi yote hiyo Lenora alibaki kwa Bibi, nje kidogo ya mji mdogo wa Tynec, jimbo la Nebraska, akilisha kuku, akipalilia maharage na kuvumilia ulimi ambao haukuwa na mfupa wala breki.

Watu wa Tynec walikuwa na mazoea yao ya kusema. Shamba likishaitwa kwa jina la mtu, jina hilo halifutiki, hata kama mtu mwenyewe kafa na watoto wake wamehama na nyumba yake imebomolewa. Shamba la Bibi lililokuwa karibu na mto liliitwa kwa Hruska, ingawa Hruska alizikwa kabla Jolene hajazaliwa. Lile la juu, penye kilima, lilikuwa kwa Pospisil. Na walipozungumza kwa haraka waliacha hata lile neno "kwa", wakalitaja shamba kama mtu mzima mwenye miguu. Hruska kalowa. Pospisil mwaka huu kakondeana. Hakuna aliyecheka wala kuuliza, kwa kuwa hata mtoto wa chekechea alijua kinachosemwa.

Ndani ya droo ya kabati la Bibi kulikuwa na hati. Lenora aliijua kwa kuwa Bibi alipenda kuisimulia akiwa anachambua maharage. Babu alipopatwa na kiharusi alilala miezi minane bila kusema neno, wala hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kutia sahihi kwa niaba yake, hata ya kuuza ndama. Baada ya mazishi Bibi alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa wakili wa mji, Bi Arlene Kubat, akaandikisha hati ya uwakala. Humo alimtaja mwanawe Rodney, kaka yake Jolene, kuwa ndiye atakayesimamia mali na mambo yake yote. Lakini si siku ile. Sheria ya jimbo iliruhusu hati ya namna hiyo ilale mpaka jambo fulani litokee, na Bibi alilitaja jambo lenyewe waziwazi: mpaka madaktari wawili waandike kwamba yeye Vlasta hawezi tena kujisimamia kwa akili yake. Siku hiyo hati itaamka. Kabla ya hapo, Rodney hana ruhusa ya kuuza hata yai.

"Simpi mtu funguo zangu wakati mkono wangu bado unafungua mlango," Bibi alizoea kusema, na wakili naye aliandika vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Mjomba Rodney aliishi mjini Lincoln, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mwaka huo alikuja karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuja na wimbo uleule. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kununua shamba la kwa Hruska ijenge mabanda ya nguruwe elfu kadhaa. Bibi alimjibu kwamba nguruwe watakapojua kusoma waje wenyewe kumwomba. Rodney alicheka kwa mdomo tu, kisha akaenda kusimama barazani akitazama mahindi kwa muda mrefu.

Mwezi wa Juni akina mama wa kanisa walikusanyika ukumbini kuoka kolache za sikukuu ya mji, vile vimkate vya duara vyenye jamu ya plamu katikati. Lenora alipewa sinia moja la kuangalia. Akasahau, na sinia zima likawa makaa. Bibi alilichukua sinia lile, akalizungusha mbele ya akina mama wote kama mtu anayeuza bidhaa, akasema, "Jamani, mtazameni mjukuu wangu. Mungu kampa kichwa cha kuwekea kofia tu." Wanawake ishirini waliangua kicheko. Miongoni mwao walikuwa mama za wasichana watatu waliosoma darasa moja na Lenora, na kesho yake sokoni wasichana hao walimwita Kofia.

Jumamosi hiyo Mjomba alimkuta Lenora ameketi nyuma ya banda, macho mekundu. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifanya kiangazi chote. Alisema Bibi amekuwa mkali kwa sababu akili yake inachoka, ni ugonjwa wa wazee, na kwamba madaktari wangeweza kumsaidia kama wangejua anavyosema nyumbani. Akatoa daftari dogo la kijani.

"Usitunge kitu," alimwambia. "Andika maneno yake yaleyale, na tarehe. Mimi sipendi uongo. Kazi ikiisha, ile simu ya mkononi unayoitaka utaipata."

Lenora alilichukua. Ingekuwa vizuri kusema kwamba alisitasita, lakini hakusitasita hata kidogo. Siku za kwanza hakupata la maana. Bibi alitafuta miwani akiwa ameivaa kichwani. Bibi alimwita Lenora kwa jina la mama yake. Kisha ikaja Jumanne ya mvua ya mawe, mvua iliyochana mahindi ya upande wa mto mpaka yakabaki vijiti, na asubuhi yake Bibi akavaa mabuti akasema, "Nakwenda kumtazama Hruska. Kapigwa vibaya jana, maskini, sidhani kama atainuka."

Lenora aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Kisha akayasoma kwa macho ya mtu asiyeijua Tynec, akaona jinsi yalivyokuwa. Akacheka mpaka akaziba mdomo. Tangu siku hiyo hakuhitaji kutafuta. Hruska ana kiu. Leo nimekaa na Pospisil mpaka adhuhuri. Hruska ananipa wasiwasi, silali. Kila mstari ulikuwa kweli tupu, na kila mstari ulimfanya Bibi aonekane kichaa. Msichana huyu aliyeambiwa ana kichwa cha kofia aligundua kwamba anaweza kumchoma mtu mzima bila kusema uongo hata mmoja, na alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana.

Wiki ya tano Bibi aliteleza kwenye tope la lango la chini akaanguka juu ya mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilivunjika na nyonga ikavimba. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali kubwa mjini, akachomwa sindano kali za maumivu, na kesho yake Mjomba alimchukua Lenora kwenda kumwona. Mfukoni mwa koti lake lilikuwemo daftari la kijani.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyetoka jimbo la pwani ya mbali. Alikuwa ameshalisoma daftari. Alivuta kiti karibu na kitanda, akamuuliza Bibi alikuwa anakwenda wapi alipoanguka.

"Kwa Hruska," Bibi alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa dawa. "Kapigwa na mvua ya mawe. Nilitaka kuona kama kuna kilichopona."

"Hruska ni nani, Bi Vlasta?"

"Si mtu. Ni... kila mtu anamjua Hruska." Bibi alifumba macho, akayafumbua kwa shida. Mjomba alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya kununuliwa dukani, akamwambia daktari kwamba ndivyo ilivyo kila siku. Bibi akamwona Lenora mguuni pa kitanda, na uso wake ukapata nafuu. "Muulize huyo mtoto," alisema. "Huyo atakueleza."

Daktari akageuka. Mjomba pia akageuka. Maneno aliyotakiwa kusema Lenora yalikuwa matatu tu, ni shamba letu, na yalikuwa mdomoni tayari. Lakini alikumbuka lile sinia likizungushwa ukumbini na wanawake ishirini wakicheka.

"Hruska alikufa zamani," alisema. "Kabla mama yangu hajazaliwa."

Daktari aliandika. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, macho yakiwa makavu na yenye akili zake zote, na kwa mara ya kwanza Lenora alitamani atukanwe. Kisha dawa ikamchukua mzee, akalala.

Daktari wa pili alizungumza na Bibi kwa dakika tano kupitia skrini ya kompyuta, akasoma barua ya mwenzake na kurasa sita za daftari, akaandika barua yake. Alhamisi zikawa barua mbili. Hati iliyolala miaka tisa ikaamka, na aliyeiamsha alikuwa na miaka kumi na miwili.

Usidhani Mjomba alipoteza muda. Ijumaa alikwenda na hati na barua zake benki, wakapokea. Jumatatu Bibi alihamishwa kutoka hospitali hadi nyumba ya kutunzia wazee iliyo kando ya barabara kuu. Jumanne kuku wote arobaini walipakiwa kwenye matenga wakaenda. Jumatano Mjomba alileta kontena la taka, akaanza kutupa humo vitu vya nyumbani kupitia dirishani, pamoja na mablanketi ya viraka ambayo Bibi na dada zake walishona kwa mkono. Alipiga filimbi akitupa. Jolene alipopiga simu kutoka Dakota, aliambiwa madaktari wawili wamethibitisha, na kwamba Lenora mwenyewe ni shahidi. Jolene alilia kwenye simu, akarudi kwenye masufuria yake. Kuhusu shamba la kwa Hruska, kampuni ya nguruwe ilikuwa ije kutia sahihi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Lenora alipata simu. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, na hakuwa na mtu wa kumpigia.

Alipomuuliza Mjomba ni lini Bibi atarudi, Mjomba hakugeuza hata shingo. "Arudi wapi? Nyumba inauzwa msimu ujao. Na usinikunjie uso, binti. Wewe ndiye uliyempeleka kule. Mimi nimetia sahihi tu."

Jumamosi alimpeleka kumsalimu. Ile nyumba ya wazee ilinuka sabuni na supu. Bibi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa plasta, na mkono wa kushoto umevishwa bangili ya plastiki yenye jina lake kama mtoto mchanga. Dawa kali zilikuwa zimeisha mwilini na macho yake yalikuwa makali kama zamani. Mhudumu mmoja aliyekuwa anapanga vikombe akainama, akampapasa shavu.

"Leo Hruska kakutumia salamu, mama," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Kasema ule supu yote." Wahudumu wawili mlangoni wakakonyezana, wakazuia kicheko.

Bibi ndiye mwanamke aliyewahi kumfokea padri kwa kuegesha gari juu ya maua yake, na sasa aliinua kijiko kwa mkono wa kushoto akala supu. Lenora alielewa kwamba alikuwa ameacha kabisa kutaja jina la mahali popote, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa ushahidi. Alikaa karibu naye akashindwa pa kuanzia. Mwishowe Bibi alifuta mdomo, akamwangalia.

"Umekuja kuandika?" aliuliza.

Lenora alitikisa kichwa. Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la gari huku Mjomba akieleza jinsi mabanda ya nguruwe yatakavyopangwa, safu kumi na mbili, kwa Hruska. Alilitamka jina hilo kirahisi, vilevile kama Bibi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Lenora alijua kwamba nguoni mwa Bibi walikuwa wawili.

Jumatatu Mjomba alipokwenda Lincoln, Lenora alipanda baiskeli akaenda mjini, maili nne za vumbi. Ofisi ya Wakili Kubat ilikuwa juu ya duka la vifaa vya shamba. Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi aliyekula sandwichi mezani na kusoma huku akila. Lenora aliweka simu yake mezani kama mtu anayerudisha kitu cha wizi, akaanza kusema. Wakili hakumkatiza. Alipofika kwenye lile neno la mvua ya mawe, wakili aliacha kutafuna.

"Kwa Hruska," alisema. "Pale chini mtoni. Nimeokota viazi pale nikiwa mdogo kuliko wewe. Na mjomba wako ameogelea mto uleule."

"Ndiyo."

"Na daktari alipokuuliza, wewe ulijua."

"Nilijua."

Wakili alisukuma sandwichi kando. Hakumwambia usijali wala pole. Alisema kwamba katika miaka thelathini ya kazi ameona watoto wakiiba, wakichoma mabanda, wakigonga magari ya baba zao, lakini hajawahi kuona mtoto akimwibia bibi yake akili. Lenora alilia. Wakili alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamsukumia boksi la karatasi laini.

Halafu akamweleza, polepole, jinsi mambo yalivyo. Hati ya namna ile haiamki yenyewe, huamshwa na neno la madaktari. Neno la madaktari likiwa limejengwa juu ya jambo lisilo kweli, madaktari wanaweza kulichukua tena. Na mtu mwenye akili zake timamu, kwa sheria ya jimbo lao, anaweza kuifuta hati yake siku yoyote anayotaka, hata kama mwanawe ameshaibeba kila mahali. Kinachotakiwa ni daktari mmoja mwangalifu ampime Bibi kwa saa mbili, si kwa dakika tano, na mtu wa kumweleza daktari wa kwanza pale alipodanganyika.

"Mimi naweza kumwandikia barua nzuri sana," wakili alisema. "Lakini hakudanganywa na barua. Alidanganywa na mdomo wako, kwa hiyo utakwenda na mdomo wako. Na mjomba wako atakuwepo."

"Nitasema nini?"

"Maneno matatu uliyoyameza. Unayo bado?"

Wakili alikwenda kumwona Bibi siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuna nyumba ya wazee inayoweza kumzuia mtu asionane na wakili wake. Bibi alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama mtoto amekuja mwenyewe au ameletwa. Alipoambiwa amekuja mwenyewe kwa baiskeli, aliguna. Jumatano alikuja daktari mpimaji kutoka Omaha. Alimuuliza Bibi tarehe, miezi kwa kurudi nyuma, majina ya wajukuu na hesabu za kutoa saba kutoka mia moja. Bibi alijibu yote, na mwisho akamuuliza mpimaji kama yeye mwenyewe anaweza kutaja mbegu zote zilizopandwa Pospisil tangu vita viishe.

Alhamisi walikaa katika chumba kidogo hospitalini: yule daktari kijana, wakili, Bibi kwenye kiti chake, Mjomba Rodney aliyekuja kwa kasi na shati lililolowa kwapani, na Lenora. Ilibaki siku moja kampuni itie sahihi. Mjomba alianza kwa kusema kwamba mtoto ametishwa na wakili, na kwamba ni mtoto mwenye tabia ya kubadilika. Wakili alimwacha amalize, kisha akamtazama Lenora.

Lenora alisimama. "Ni shamba letu," alisema.

Daktari hakuelewa. Lenora akaanza upya. Alisema Hruska ni jina la shamba lililopigwa na mvua ya mawe, Pospisil pia ni shamba, na Tynec nzima husema hivyo, hata yeye, hata Mjomba. Alisema alijua alipoulizwa. Alisema aliandika daftari zima akijua, kwa hasira, na kwa ajili ya simu. Daktari alifungua faili lake, akasoma upya mstari mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukazidi kuwa mwekundu kadiri alivyoteremka. Akamgeukia Mjomba, akamuuliza kwa upole kama naye alijua.

"Kila kitu kilichoandikwa humo ni kweli," Mjomba alisema. "Neno kwa neno."

"Sikuulizi hilo," daktari alisema.

Daktari aliandika barua ya kuondoa ile ya kwanza kabla hawajatoka chumbani, akamwomba Bibi msamaha. Bibi alimwambia kwamba siku nyingine akiona jina asilolijua, aulize watu wawili. Wakili alikuwa ameshaandaa karatasi ya kufuta hati, na mthibitishaji wa sahihi alikuwa anasubiri nje. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, Bibi alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Ilimchukua dakika nzima. Mjomba alisimama mlangoni akitazama kila herufi.

"Utaanguka tena, Mama," alisema. "Na safari hiyo sitakuja."

"Safari hii nani alikuita?" Bibi alisema bila kuinua macho.

Nakala zilikwenda benki jioni ile, nyingine ikaenda kwenye kampuni ya nguruwe, na Ijumaa hakuna aliyetia sahihi. Jumamosi Bibi alirudi nyumbani.

Lakini kurudi si kurudishiwa. Banda la kuku lilikuwa tupu, mlango ukipigapiga. Kontena la taka lilikuwa limeshachukuliwa. Kabatini palikuwa na nafasi nyeupe za mraba pale mablanketi yalipokaa miaka hamsini. Bibi alipita chumba kwa chumba akisukuma kigari cha kumsaidia kutembea, akigusa mahali pa vitu visivyokuwepo, na hakusema hata neno la mzaha. Lenora alimfuata nyuma. Alingoja kupigwa au kutukanwa, na angevishukuru vyote viwili. Alipochoka kungoja alisema mwenyewe kwamba anaomba msamaha.

Bibi aliketi kwenye kiti cha jikoni. Alisema alikosea kumwaibisha mtoto mbele ya watu, na kwamba ulimi wake utamfikisha pabaya siku moja, kama haujamfikisha tayari. Hilo ni kosa lake, na atalibeba. Kisha akanyoosha kidole.

"Sasa lako," alisema. "Mwongo wa kawaida simwogopi. Anatunga, na kilichotungwa kina matundu, ukichungulia unaona. Wewe hukutunga. Ulichukua ukweli ukaukata mkia ukawauzia. Hakuna uongo mbaya kama huo, mjukuu wangu, maana hata anayeushitaki anaonekana mwendawazimu. Mtu akikuuliza, mpe ukweli mzima au nyamaza. Usimpe kipande ukijua atakavyokila."

Lenora alisema amesikia. Bibi alimwambia kusikia ni kazi ya masikio, akamtuma kuchota maji.

Septemba, Jolene alipokuwa amerudi na kulia tena, safari hii jikoni na ana kwa ana, Wakili Kubat alikuja nyumbani na hati mpya. Bibi alitaka nyingine ilale, kwa sababu alikuwa na miaka sabini na tisa na hakuwa mjinga. Safari hii alimtaja Jolene kuwa msimamizi. Aliongeza pia sharti moja ambalo wakili alisema hajawahi kuliandika: madaktari wasiandike barua yoyote kabla ya kukaa na mtu mzaliwa wa Tynec, ambaye atawafafanulia maneno yake. Wakili aliuliza aandike jina la nani.

Lenora alikuwa anakausha vyombo, mgongo umewageukia. Bibi alitaja jina la jirani.

Wakili alipoondoka, Lenora aliweka kitambaa chini. Alijua bado ni mdogo kwa mambo ya sheria, lakini hakuwa anauliza habari ya sheria. "Bibi," alisema, "mimi utaniandika lini?"

Bibi alifikiri. Hakumwonea huruma, wala hakumwonea.

"Siku nitakayosema mbele ya watu, muulizeni huyo mtoto," alisema, "na moyo wangu usistuke."